Mwongozo kamili wa kulinda msafara wa mahitaji ya jeshi usiviziwe njiani

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu, kabla hujaingia mjini utapita eneo la Lugalo, penye mnara wa kumbukumbu. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilivamiwa na wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliokuwa wamejibanza vichakani. Msafara ulikuwa umejinyoosha katika mstari mmoja mrefu, askari na wapagazi, na mizinga ilikuwa imefungwa migongoni mwa punda. Kabla mizinga haijashushwa, mapigano yalikuwa yameshaamuliwa. Zelewski alikufa palepale. Leo jina la Lugalo linabebwa na kambi maarufu ya JWTZ jijini Dar es Salaam, nasi tunausifu ushindi ule kwa haki kabisa. Lakini anayepewa jukumu la kuongoza malori ya jeshi anapaswa kuusoma pia akiwa amesimama upande wa waliovamiwa, maana pale barabarani ndipo atakapokuwa yeye.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu anayekabidhiwa msafara kwa mara ya kwanza: luteni kijana, sajenti wa usafirishaji, au dereva wa boza la maji anayetaka kuelewa kwa nini anaamriwa hivi na si vile. Msimamo wangu ni mmoja. Kupeleka chakula, maji, mafuta na risasi ni operesheni ya kivita iliyokamilika, na dereva ni mpiganaji ndani yake. Somalia imetufundisha hilo kwa gharama kubwa. Waganda waliingia huko Machi 2007 chini ya Umoja wa Afrika, Warundi wakafuata mwishoni mwa mwaka huo, na Wakenya, waliovuka mpaka Oktoba 2011, wakaingizwa katika kikosi hicho mwaka 2012. Tangu hapo, damu yao nyingi imemwagika barabarani, kati ya kambi na kambi. Tarehe 30 Julai 2017, huko Golweyn katika Shabelle ya Chini, msafara wa Waganda uliviziwa, na jeshi lenyewe likatangaza kupoteza wanajeshi 12.

Hatua ya 1: Punguza safari zenyewe

Lori lisiloingia barabarani halilipuliwi. Kabla ya kupanga ulinzi, kaa na mkuu wa stoo muulizane: ni nini hasa kinachotupeleka njiani kila wiki? Mara nyingi jibu ni maji na mafuta. Kambi iliyochimba kisima na kuweka mtambo wa kusafisha maji imefuta safari nyingi kwa mkupuo mmoja. Kambi inayowasha taa kwa umeme wa jua inachoma dizeli kidogo. Ghala likitosha kuhifadhi akiba ya majuma kadhaa, kamanda anapata uhuru wa kusema "wiki hii hatutoki" pale habari za njia zinapokuwa mbaya. Uhuru huo una thamani kuliko deraya mbili, yale magari ya kivita yenye mabamba ya chuma.

Ndege ni njia nyingine, ila ni ghali na hubeba kidogo. Mji wa Hudur huko Somalia, ambao Al-Shabaab waliufungia barabara kwa miaka, umetegemea sana ndege. Panga ndege kwa risasi, dawa na majeruhi, na vitu vizito uviachie barabara.

Hatua ya 2: Vunja mazoea

Hapa ndipo natamani kila kamanda atulie. Mviziaji hana haja ya jasusi ofisini kwako. Anahitaji kijana mmoja anayeuza vocha mkabala na geti, mwenye simu na subira. Akiona kila Jumanne malori yanajaziwa mafuta jioni, na kila Jumatano alfajiri geti linafunguliwa, amekwisha kupata ratiba yako bila kuuliza swali hata moja.

Badilisha siku. Badilisha saa ya kutoka, na usiibadilishe kwa nusu saa tu. Badilisha mpangilio wa magari ili deraya isikae mahali palepale kila safari. Pakia mizigo siku ambazo hamtoki, washeni injini, mpange mstari, kisha mzime mrudi kulala, ili dalili za kutoka zipoteze maana machoni pa anayetazama. Kama zipo njia mbili, uamuzi wa njia gani itumike ufanywe na mtu mmoja na utangazwe dakika za mwisho.

Njia ikiwa ni moja tu, na huku kwetu mara nyingi ni moja tu, basi bado una saa, mwendo, ukubwa wa msafara na sehemu za kupumzika. Na safari ya kurudi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mkishapita kwenda, kila mtu kijijini anajua mtarudi, na mtapita palepale. Mkiweza kulala kambini siku mbili msizotarajiwa kulala, fanyeni hivyo.

Simu ni donda kubwa. Dereva anamwambia mkewe kwamba kesho hatapatikana. Wakala wa malori ya kukodi anawaandikia madereva wake kwenye kundi la WhatsApp wafike saa kumi na moja. Mpishi anaagizwa afunge chakula cha watu 60 badala ya 20. Kusanya simu kabla ya kutoa maelekezo, ziwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, zirudishwe mkifika. Watu watalalamika. Waeleze sababu waziwazi, kwa heshima, maana mtu mzima akielewa kwamba ni uhai wake mwenyewe hufuata bila kusukumwa.

Hatua ya 3: Soma njia kama mviziaji

Chukua ramani, picha za anga kama zipo, na juu ya yote mwite dereva aliyepita mara ya mwisho. Pitia kilometa baada ya kilometa na swali moja: ningekuwa mimi ninayevizia, ningelala wapi? Mviziaji anatafuta mahali anapoweza kukuona, kujificha, kukupunguza mwendo, na kutoroka. Vitu hivyo vinne vikikutana, weka alama nyekundu.

Mara nyingi alama zitaangukia kwenye madaraja na kalvati, kona kali, vilima ambapo lori lililojaa hupanda kwa gia ya kwanza, makorongo, na vichaka vilivyosogea hadi ukingoni. Usisahau sehemu zilizobomoka ambapo magari yote hukanyaga mkondo mmoja wa tairi ili kukwepa shimo. Hapo ndipo mabomu ya kukanyagwa hupenda kukaa. Kumbuka pia majira. Shamba la mahindi lililokuwa tupu Januari linaweza kuficha kundi zima la watu yakishakomaa. Mvua ikinyesha Shabelle, udongo ule mweusi hugeuka ugali, na lori lililonasa ni shabaha iliyosimama.

Kazi ya kusafisha njia ni ya wahandisi wa medani, wenye vifaa vya kutambua chuma na mbwa waliofunzwa. Kamanda wa msafara anachopaswa kujua ni kwamba barabara iliyosafishwa jana na kuachwa bila macho usiku kucha haijasafishwa. Ama wahandisi watangulie asubuhi ileile, ama kuwe na doria na vituo vya uangalizi vilivyoilinda tangu iliposafishwa. Kufyeka kichaka pande zote mbili ni kazi ya jasho, isiyo na sifa, na inaokoa watu wengi kuliko vifaa vingi vya bei mbaya.

Kuwe na daftari la njia. Kila msafara uandike: hapa palikuwa na mti ulioanguka, hapa soko lilifungwa siku ya soko, hapa udongo umechimbwa upya. Daftari hilo apewe kamanda anayefuata. Mabadiliko huonekana kwa anayejua palivyokuwa.

Hatua ya 4: Panga magari

Tarehe 2 Septemba 1967, kwenye Barabara ya 19 huko Vietnam, kati ya Qui Nhon na Pleiku, msafara wa malori wa Marekani ulivamiwa, na katika dakika kama kumi madereva 7 wakauawa na malori yapatayo 30 kuharibiwa. Malori hayo hayakuwa na meno. Baada ya hapo madereva wenyewe walianza kugeuza baadhi ya malori kuwa magari ya mapambano, kwanza kwa magunia ya mchanga, kisha kwa mabamba ya chuma na bunduki za rashasha, yakitawanywa katikati ya msafara. Mpaka leo kanuni ni hiyohiyo: nguvu ya silaha isirundikane mbele. Iwe kichwani, katikati na mkiani, kila gari la ulinzi likiweza kuwafikia wale wa mbele yake na nyuma yake.

Gari la kutangulia liende mbele kwa umbali wa kutosha kuona hatari kabla mwili wa msafara haujaingia. Kamanda asipande gari la kwanza, na naibu wake asipande gari moja naye. Lori zito na la polepole likae karibu na mbele, maana likiwekwa mwisho msafara utakatika vipande viwili bila mtu kutambua. Mafuta yatenganishwe na risasi, na vyote viwili vitenganishwe na lori la watu. Gari la kuvuta mabovu na la wagonjwa yawe nyuma, mbele kidogo ya deraya ya mwisho. Msafara mrefu ugawe katika makundi madogo, kila kundi na kiongozi wake na redio yake.

Kuhusu aina ya gari: magari yenye tumbo la umbo la V, kama Casspir iliyozaliwa Afrika Kusini na kutumiwa sana na Waganda Somalia, husukuma nguvu ya mlipuko pembeni badala ya kuiruhusu iingie sakafuni. Ukiwa nayo, yatangulie. Lakini abiria asiyefunga mkanda ndani yake anaweza kuvunjika shingo kwa kugonga dari, hata kama chuma hakikupenywa. Mkanda ufungwe.

Vifaa vya kuziba mawimbi ya simu na redio vinasaidia dhidi ya mabomu yanayolipuliwa kwa mbali. Haviwezi chochote dhidi ya bomu la kukanyagwa au la waya. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimesoma na kusikia mara nyingi watu wakikitegemea kifaa na kuacha kutazama barabara. Siku hizi kuna droni pia. Ukraine wanatandika nyavu juu ya barabara nzima kuzizuia. Kwako, angalau mtu mmoja katika kila kundi awe na kazi ya kutazama angani tu.

Hatua ya 5: Gari, mzigo, silaha, usingizi

Tarehe 23 Machi 2003, kampuni ya 507 ya matengenezo ya jeshi la Marekani ilipotea njia na kuingia mji wa Nasiriyah, Iraq. Watu walikuwa wamechoka kwa siku kadhaa za safari, redio zilikuwa zinaishiwa betri, na waliposhambuliwa silaha kadhaa zilikwama kwa sababu ya vumbi. Wanajeshi 11 waliuawa. Walikuwa mafundi na makarani, watu wa nyuma ya mstari, na hicho ndicho kilichowaponza: hakuna aliyedhani watapigana.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya safari: tairi, breki, maji, mkanda wa feni, tairi la akiba, jeki, mnyororo wa kuvutia, vyote vikaguliwe na dereva mbele ya kiongozi wake. Mzigo ufungwe usidondoke wala usizibe uwanja wa kupiga wa askari aliye juu. Silaha zisafishwe na zijaribiwe uwanjani. Kila gari liwe na maji, sanduku la huduma ya kwanza lililofunguliwa na kuhesabiwa, na redio yenye betri ya ziada. Dereva alale. Kamanda anayemchukua dereva aliyekesha zamu ya lindo amekwisha kuuweka msafara hatarini kabla haujawasha injini.

Hatua ya 6: Maelekezo na mazoezi

Chora njia chini kwa mchanga: jiwe liwe daraja, kijiti kiwe msitu, viberiti viwe magari. Kila dereva asogeze kiberiti chake mwenyewe na aeleze atafanya nini likipigwa gari la mbele yake, likipigwa la nyuma, likipigwa lake. Usikubali jibu la "nimeelewa, afande". Akueleze. Madereva raia wa malori ya kukodi wawepo pia, na kama hawajui lugha yenu apatikane mkalimani na ishara za mikono zilizofanyiwa mazoezi. Wataje wote mahali pa kukusanyika palipopangwa mbele na nyuma ya kila alama nyekundu, masafa ya redio, na nani anashika uongozi kamanda akianguka.

Kisha fanyeni kwa vitendo, na magari yenyewe, kwenye uwanja wa kambi.

Hatua ya 7: Mkiwa njiani

Umbali kati ya magari uzingatiwe. Mita 50 hadi 100 mahali pa wazi, ili mlipuko mmoja usichukue mawili. Karibu zaidi mjini au kwenye vumbi zito, ili msikatike. Kila dereva anawajibika kumwona wa nyuma yake. Asipomwona, anatoa taarifa na kupunguza mwendo, na taarifa inapanda hadi mbele.

Macho yatafute kinachokosekana. Watoto ambao kwa kawaida hupunga mikono leo hawapo. Mama wa maandazi hajafungua. Bodaboda zinageuza njia kabla ya kufika kwenu. Mifugo ipo, mchungaji hayupo. Tena kuna vinavyoonekana: udongo uliofukuliwa na kufukiwa, rundo la mawe lisilokuwepo juzi, waya, kitambaa kilichofungwa mtini kama alama. Kimoja tu kinaweza kuwa si kitu. Viwili pamoja, simama mbali na uite wahandisi. Kuchelewa hakujawahi kumuua mtu kama alivyouawa aliyeona haya kusimama.

Hatua ya 8: Kusimama

Kusimama ni wakati wa hatari. Kabla hamjashuka, tazameni kutoka ndani ya gari mita 5 kuzunguka kila upande. Mkishuka, kagueni hadi mita 25. Wapiga rashasha wasiache silaha zao kwa sababu ya haja ndogo, wapokezane. Msisimame mahali palepale paliposimama msafara uliopita, hata kama pana kivuli kizuri cha mkwaju. Kivuli hicho kila mtu anakijua.

Hatua ya 9: Mkishambuliwa

Risasi zikianza na njia iko wazi, usisimame. Mviziaji amechagua kipande hicho cha barabara kwa sababu ndicho anachokiweza, na kila sekunde unayokaa humo unapigana kwa masharti yake. Dereva akanyage mafuta, apite, afike mahali pa kukusanyika. Askari walio juu wapige kule risasi zinakotoka, kwa shabaha, si kumwaga risasi kwenye kila paa la nyumba. Yeyote aliyeona kwanza atamke kwenye redio maneno matatu: nini, upande gani, umbali gani.

Magari ambayo hayajaingia eneo la mapigo yasiingie. Yasimame mbali, yarudi nyuma kwa mpangilio, na askari wake wajiandae kusaidia kutoka pembeni.

Njia ikiwa imezibwa, mambo hubadilika. Gari la mbele lijaribu kusukuma kizuizi au kukizunguka kwa ardhi iliyokwisha kupimwa kwenye ramani. Ukichepuka ovyo unaweza kuingia kwenye mabomu yaliyowekwa makusudi kwa wanaochepuka. Ikishindikana, watu washuke upande usio na moto, wajibanze, na kikosi cha ulinzi kiwashambulie waviziaji kutoka ubavuni. Tarehe 20 Machi 2005, karibu na Salman Pak kusini mwa Baghdad, kikosi cha polisi wa jeshi cha watu 10 kilichokuwa kikifuata msafara wa malori kilifanya hivyo hasa: kiliingiza magari yake kati ya malori na waviziaji, kikageukia ubavu wao, na sajenti Leigh Ann Hester akaingia kwenye mtaro waliokuwamo. Shambulio likavunjika. Hester alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani tangu Vita vya Pili vya Dunia kupewa Nyota ya Fedha, nishani ya ushujaa vitani. Ninachotaka ukione ni kwamba kikosi kile kilikuwa na kazi moja iliyojulikana mapema, na hakikusubiri kuambiwa.

Mlipuko bila risasi uogopwe vilevile. Watu hukimbilia gari lililolipuka kwa upendo wa wenzao, na bomu la pili huwa linawasubiri hapo. Linda kwanza pande zote, kagua ardhi unakokanyaga, kisha ingia kwa njia moja.

Hatua ya 10: Majeruhi na gari lililokufa

Anayemwaga damu nyingi mkononi au mguuni hufa kwa dakika, kwa hiyo kila askari na kila dereva abebe mkanda wa kubana damu mahali ambapo mikono yote miwili inafika. Ukibana, andika saa. Majeruhi watibiwe nje ya eneo la moto, na eneo la kutua helikopta liwe limechaguliwa kabla ya safari.

Gari likivutika, livutwe. Lisipovutika, kamanda aamue haraka: toa watu, silaha, redio na nyaraka, kisha liharibu. Lori ni chuma. Hakuna mzigo wa unga unaostahili kijana wa pili.

Wananchi wa kandokando

Hakuna anayejua barabara kama wanaoishi juu yake, na watakuambia au watanyamaza kulingana na mlivyopita jana. Msafara unaosukuma matatu mtaroni, unaogonga mbuzi na kutokomea, unaofyatua risasi hewani sokoni, unajichimbia kaburi. Gonga mbuzi, simama mahali salama, peleka taarifa, lipa. Wazee wa kijiji wawe na namba wanayoweza kuipiga bila kuonekana, na jina la mtoa habari lisitamkwe redioni kamwe. Katika pwani ya Kenya, barabara ya Garsen kwenda Lamu, mabasi ya abiria yamesafiri kwa miaka yakisindikizwa na askari. Anayepanga msindikizo wa aina hiyo akumbuke kwamba raia hawakuja kuwa ngao. Malori ya risasi yasichanganywe na basi la watoto wanaokwenda shule.

Mkishafika

Hesabu watu kabla ya kuhesabu magunia. Kisha, kabla ya chai, dakika ishirini chini ya mti: nini tuliona, wapi tulikatika, redio gani haikusikika, nani alisita na kwa nini. Dereva aseme kwanza, kamanda mwisho, ili mdogo asirudie maneno ya mkubwa. Yaandikwe kwenye daftari la njia. Simu zirudishwe, kila mmoja apige nyumbani. Silaha zifunguliwe na kufutwa vumbi jioni hiyohiyo, tairi ziangaliwe, matangi yajazwe, kwa sababu mnarudi kwa barabara ileile na mpaka sasa ni mtu mmoja tu anayejua siku.